Imani Isiyo na Jirani

Kila Jumapili usharika husimama na kuungama Imani ya Mitume. Watoto wa Kipaimara huijua kwa moyo kabla hawajaielewa, na wazee wetu wengi wameiaga dunia ikiwa midomoni mwao. Ungamo la imani si orodha ya maoni. Linasema tunamtegemea nani, tumetoka wapi, tunakwenda wapi, na tunakwenda pamoja na nani. Kwa hiyo Kanisa linaposikia watu mahali pengine wakisema "tunaamini", halina budi kutega sikio.

Sisi Watanzania tuna uzoefu wa maungamo ya namna hiyo nje ya Kanisa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilianza na sehemu iliyoitwa Imani ya TANU, na jambo la kwanza kutajwa humo ni usawa wa binadamu wote. Tunayajua pia yaliyofuata. Mengine yalikuwa mema, kama watu wazima kujifunza kusoma na kuandika. Mengine yaliumiza, hasa pale wananchi walipohamishwa kwa nguvu kwenda katika vijiji vipya miaka ya 1970. Tumejifunza kwa gharama kwamba imani ya wanaotaka kuijenga dunia upya yafaa ipimwe kwa maswali mawili: Inamtaja nani? Na yule isiyemtaja, inamtendea nini?

Maswali hayo nataka kuyauliza juu ya andiko moja kutoka Marekani. Wengi wetu hatujalisoma, lakini mawazo yake tayari yamo katika simu zetu, na kwa sehemu yamo katika mahubiri yetu.

Andiko lenyewe

Mwezi Oktoba 2023 tajiri mmoja wa California, Marc Andreessen, alitoa kwenye tovuti ya kampuni yake ilani ndefu aliyoiita The Techno-Optimist Manifesto, yaani ilani ya mtu aliyeweka tumaini lake katika teknolojia. Andreessen si mtu wa pembeni. Akiwa kijana, katika miaka ya 1990, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Netscape, kampuni iliyowafungulia watu wa kawaida mlango wa intaneti. Mwaka 2009 yeye na mwenzake Ben Horowitz walianzisha kampuni ya kuwekeza fedha katika biashara changa za teknolojia, ambayo leo ni moja ya kubwa kabisa katika kazi hiyo. Na tangu 2008 amekuwa mjumbe wa bodi ya kampuni ya Facebook, ambayo sasa inaitwa Meta. WhatsApp nayo ni mali ya kampuni hiyo. Kwa hiyo kila usharika wenye kundi la kwaya au la akina mama katika WhatsApp una uhusiano fulani na bodi anayokaa mtu huyu.

Katika ilani hii, sentensi baada ya sentensi huanza na neno "tunaamini". Kuna sehemu juu ya uongo na sehemu juu ya kweli. Kuna sehemu juu ya maana ya maisha. Kuna orodha ya maadui. Mwishoni kuna majina ya watu ambao mwandishi anawaita watakatifu walinzi wa imani hii. Wamo wanahisabati na wanauchumi. Yumo mwanafalsafa Friedrich Nietzsche. Yumo Marinetti, mshairi wa Italia ambaye mwaka 1909 alitoa ilani ya kusifu mashine, kasi na vita. Yumo hata John Galt, ambaye hakuwahi kuishi, kwa kuwa ni mhusika wa riwaya ya Ayn Rand. Haya yote hayakupangwa kwa bahati. Mwandishi anajua kwamba anaandika ungamo, basi tumpe heshima ya kulisoma kama ungamo.

Mafundisho yake kwa ufupi ni haya. Teknolojia ndiyo chemchemi ya ustawi wa mwanadamu. Soko huria likiungana na teknolojia huwa kama mtambo unaopanda juu daima, na kila tabaka la watu hupanda nao. Akili mnemba itaokoa maisha ya watu, hata kuichelewesha ni sawa na kuwaua wale ambao ingewaponya. Dunia inaweza kulisha watu bilioni 50 na zaidi. Wanaotaka kuutia mtambo huu breki wanawadhuru wanadamu wote, na maskini ndio wanaotangulia kuumia.

Lililo kweli ndani yake

Mkristo asianze kwa kulaani. Matengenezo ya Kanisa yasingeenea kwa kasi ile bila mashine ya kuchapa, na Martin Luther aliitumia bila aibu. Mwaka 2007 M-Pesa ilipoanza Kenya, na mwaka uliofuata ikaja kwetu, mtu aliyekuwa akituma fedha kijijini kwa mkono wa kondakta wa basi alipata njia iliyo salama zaidi. Mama aliyechota maji mtoni kwa miaka 30 haombi kurudishwa mtoni bomba likifika. Anayesifu maisha bila umeme, mara nyingi ni yule ambaye kwake umeme haukatiki.

Katekismo Ndogo inatupa msingi wa kushukuru. Luther anapoeleza kifungu cha kwanza cha Imani hasemi habari za mbingu na nyota tu. Anataja nguo na viatu, chakula, nyumba, na yote yanayohitajika kila siku, kuwa ni vipawa vya Mungu. Kama kiatu ni kipawa, simu nayo ni kipawa, na dawa pia, na programu inayomwonyesha mkulima hali ya hewa ya kesho.

Ilani pia inasema kweli inapodai kwamba uchumi unaoendeshwa kwa amri umeshindwa. Mtanzania aliyepanga foleni ya sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980 hahitaji kufundishwa hilo na mtu wa California. Tusimjibu Andreessen kana kwamba kila anayehoji utajiri anatamani foleni zile.

Zawadi na Mtoaji

Shida inaanza pale zawadi inapokalia kiti cha Mtoaji. Katika Katekismo Kubwa, akieleza Amri ya Kwanza, Luther anauliza maana ya kuwa na mungu. Jibu lake ni kwamba kile ambacho moyo wako umekiegemea na kukitumaini, hicho ndicho mungu wako kweli. Kisha anataja mara moja mfano ulio wa kawaida kuliko yote duniani, nao ni Mamona. Mwenye fedha na mali hujiona salama kana kwamba ameketi peponi, na asiye nazo hutetemeka kana kwamba hakuna Mungu.

Ukiisoma ilani kwa kipimo hicho, unaona moyo wake umeegemea wapi. Inafundisha kwamba hakuna tatizo la mwili na vitu lisiloweza kutatuliwa kwa teknolojia zaidi, hata lile lililoletwa na teknolojia yenyewe. Hilo si hesabu ya mhandisi. Mhandisi mzuri hujua daraja lake linabeba tani ngapi, na huandika kibao. Hilo ni tumaini lisilo na kikomo, na tumaini la namna hiyo Amri ya Kwanza imemwekea Mungu peke yake.

Tena, katika ungamo hili sikuona dhambi. Ubaya upo, lakini ubaya wake ni kusimama: kudumaa, kuogopa, kusitasita. Mwanadamu anayejenga mtambo hana shida ndani yake, shida ni wale wanaomchelewesha. Sisi Walutheri tumefundishwa kwamba aliyehesabiwa haki kwa imani angali mwenye dhambi. Kama hivyo ndivyo kwa mtakatifu aliye kanisani, je, mwenye kampuni? Uchoyo wa mtengenezaji huingia katika mtambo pamoja na akili yake. Ndiyo maana Mungu ametoa sheria, na moja ya kazi zake, kama tulivyojifunza chuoni, ni kuwa lijamu ya kuzuia uovu usimeze watu. Dereva anayeshuka mlima Kitonga akikanyaga breki hawachukii abiria wake. Anataka wafike Morogoro na Dar es Salaam wakiwa hai.

Je, upendo haufiki mbali?

Kuna hoja moja katika ilani ambayo naiona kuwa moyo wake. Andreessen ameichukua kwa mwanauchumi David Friedman. Kwa maneno yangu mimi, inasema hivi: mtu humfanyia mwenzake jambo kwa sababu tatu tu, ama upendo, ama fedha, ama kulazimishwa. Upendo hautoshi kuwafikia watu wengi tusiowajua. Nguvu imejaribiwa na imeshindwa. Basi imebaki fedha.

Nusu ya hoja hii hata Luther angeikubali. Mchoma mkate hahitaji kunipenda ili nipate mkate. Kwa fundisho letu la wito, Mungu humlisha mtu kwa mkono wa mchoma mkate, mkulima na mwenye duka, hata kama wao wanafikiria mauzo tu. Soko lina mahali pake chini ya uangalizi wa Mungu.

Lakini soma tena Luka sura ya 10 ukiwa na hoja hii mkononi. Mtu aliyeporwa amelala njiani. Hana kitu, wameshachukua. Kwa hesabu ya fedha hana cha kununulia msaada. Kuhani na Mlawi, ambao walikuwa na sheria, wamepita upande wa pili. Anakuja Msamaria, mtu wa kabila lisilosikilizana na lake, anamwona, anamhurumia. Ndipo fedha zinapoingia katika hadithi, dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, na ahadi ya kulipa zaidi atakaporudi. Mwenye nyumba ya wageni alifanya biashara, na alilipwa. Soko lilifanya kazi. Ila kilicholiamsha soko hilo ni upendo kwa mtu asiyejulikana. Fedha zilifuata huruma, zikaitumikia. Kama zingeachwa zitangulie, zisingesimama pale, kwa sababu mtu yule hakuwa mteja.

Kwa hiyo si kweli kwamba upendo hauendi mbali. Hospitali za Kanisa zilizojengwa Machame, Bumbuli na Ilembula zinalipisha wagonjwa, zinaajiri kwa mshahara, zinanunua dawa. Hata hivyo hazikuanza kwa kutafuta wateja. Zilianza kwa watu waliotoa sadaka ili waponywe wengine ambao wasingewaona kamwe. Na sisi wenyewe, kwenye mnada baada ya ibada, mtu ananunua mkungu wa ndizi kwa bei inayozidi ya sokoni mara tatu, na hakuna anayemwona mjinga. Ilani haina sura ya kumweleza mtu huyo.

Maadui na majeraha

Mwaka 1518, katika majadiliano ya Heidelberg, Luther alitofautisha aina mbili za wanatheolojia. Mwanatheolojia wa utukufu huita ubaya wema na wema ubaya, kwa kuwa anamtafuta Mungu katika nguvu na fahari. Mwanatheolojia wa msalaba huliita jambo kwa jina lake, kwa kuwa amemwona Mungu katika aliyesulubiwa. Tofauti hii tunaifundisha chuoni kila mwaka. Sijapata maelezo yake yaliyo wazi kuliko sehemu ya ilani inayoitwa "adui".

Haki itendeke: Andreessen anasema kwamba maadui zake si watu wabaya bali ni mawazo mabaya. Kisha anayataja. Katika orodha yake yamo uendelevu, wajibu wa kampuni kwa jamii, maadili ya teknolojia, tahadhari kabla ya madhara, Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, ambayo lengo lake la kwanza ni kumaliza umaskini, na ile kazi ambayo kampuni za mitandao huiita uaminifu na usalama, yaani kuzuia mauaji, ubakaji na chuki visienee katika kurasa zao.

Kazi hiyo ya mwisho ina anwani, na anwani yake si mbali nasi. Kwa miaka kadhaa vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliketi mjini Nairobi, wameajiriwa na kampuni iitwayo Sama iliyokuwa na mkataba na Meta, wakitazama yale ambayo watumiaji wa Facebook hawakupaswa kuyaona. Walitazama watu wakichinjwa, watoto wakidhulumiwa, watu wakijiua. Walitazama, wakafuta, wakatazama tena. Mwezi Mei 2022 mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alizishtaki kampuni hizo mbili katika mahakama ya Kenya. Mwezi Machi 2023 wenzake zaidi ya 180, waliokuwa wanapoteza kazi, wakafungua kesi yao. Meta ilisema haiwezi kushtakiwa Kenya. Mahakama ya kazi ilikataa hoja hiyo, na mwezi Septemba 2024 Mahakama ya Rufani nayo ikaikataa. Taarifa za kitabibu zilizopelekwa mahakamani zilionyesha kwamba zaidi ya 140 kati ya wafanyakazi hao walikuwa na jeraha la nafsi linalowapata watu waliotoka vitani.

Vijana wengine wa kampuni hiyohiyo, kama jarida la Time lilivyoeleza mwezi Januari 2023, walisoma na kupanga maandishi machafu ili akili mnemba ya kampuni ya OpenAI ijifunze kuyatambua na kuyaepuka. Walilipwa chini ya dola 2 kwa saa.

Kuhukumu kesi si kazi yangu, mahakama zipo. Ninachosema ni hiki. Mjumbe wa bodi ya Meta aliandika ungamo la imani, na katika ungamo hilo akaweka miongoni mwa maadui kazi ileile ambayo watu hawa waliifanya kwa ajili ya kampuni yake. Hakuwachukia. Hakuwataja kabisa. Mtambo unaopanda juu daima ulikuwa na ghorofa ya chini, na ndani yake walikuwamo vijana waliokuwa wakiyabeba macho ya dunia nzima. Hapo ndipo imani isiyo na jirani inapojulikana. Inaweza kuwasifu wanadamu bilioni 50 wasiozaliwa bado, isimwone mmoja aliye Nairobi asiyepata usingizi.

Theolojia ya msalaba inatuambia tuanzie pale. Kristo alibeba yale ambayo wengine hawakutaka kuyaona, nje ya lango la mji. Mkristo akitaka kujua kama teknolojia fulani ni baraka, asiulize kwanza juu ya bei ya hisa zake. Aulize ni nani anayebeba uchafu wake.

Mkopeshaji na kaizari

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mawazo ya tajiri mmoja, na kila mtu ana haki ya kuandika. Ni kweli, ila mawazo haya hayakubaki kwenye tovuti. Mwezi Julai 2024 Andreessen na Horowitz walitangaza kumuunga mkono Donald Trump. Elon Musk, mwenye kampuni za magari, roketi na mtandao wa kijamii, alitumia zaidi ya dola milioni 250 katika uchaguzi wa mwaka huo. Trump alipoapishwa tarehe 20 Januari 2025, Musk, Mark Zuckerberg wa Meta, Jeff Bezos wa Amazon na Sundar Pichai wa Google walikuwa wameketi mbele, mahali pa heshima. Siku hiyohiyo rais alisimamisha misaada ya nje. Katika wiki zilizofuata Musk, ambaye hakuna Mmarekani aliyempigia kura, alisimama mbele katika kulivunja shirika la USAID. Zahanati nyingi za Afrika, zikiwamo zilizokuwa zikisaidiwa na mpango wa PEPFAR ulioanza 2003 kuwapatia watu dawa za kufubaza VVU, ziliingia katika hofu ambayo wasomaji wa kitabu hiki wanaikumbuka.

Marekani ina haki ya kuamua juu ya fedha zake, na sisi tuna wajibu wa kununua dawa zetu wenyewe. Hayo nayakubali. Swali langu ni la Kilutheri zaidi: Ni nini kinachotokea mwenye fedha anapomnunulia mtawala kiti?

Kanisa letu linalijua swali hilo tangu kuzaliwa kwake. Albrecht wa Brandenburg alikopa fedha kwa benki ya Jakob Fugger wa Augsburg ili alipe Roma na kupata uaskofu mkuu wa Mainz. Vyeti vya msamaha wa dhambi vikauzwa, nusu ya mapato ikaenda kujenga kanisa la Mtakatifu Petro, na nusu nyingine kulipa deni la Fugger. Mawakala wa benki walifuatana na mhubiri Tetzel kuhesabu fedha. Hizo ndizo Hoja 95 za mwaka 1517 zilipoanzia. Miaka miwili baadaye Karoli wa Tano alichaguliwa kuwa kaizari, na Fugger peke yake alikuwa amemkopesha zaidi ya florini 500,000 za kuwanunua wapiga kura. Mwaka 1523 alimwandikia kaizari kumkumbusha kwamba bila yeye asingelipata taji, na akadai deni lake. Ndipo inapoeleweka kwa nini Luther, katika andiko lake la mwaka 1524 juu ya biashara na riba, aliwashambulia kwa ukali wenye kuhodhi soko, na kwa nini katika kueleza Amri ya Saba aliwalinganisha wezi wadogo wanaonyongwa na wezi wakubwa wanaokaa vitini wakiitwa waheshimiwa.

Hatuna sababu ya kujivuna. Mwaka 1525 Luther huyohuyo aliwaelekea wakuu dhidi ya wakulima, na Kanisa lililobeba jina lake limejikunja mbele ya watawala zaidi ya mara moja. Hata hivyo fundisho letu ni wazi. Mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya wema wa raia, asema Paulo katika Warumi 13. Akigeuka kuwa mtumishi wa mdai wake, ameacha wito wake. Na mdai huyo akijifariji kwamba ana matumaini makubwa juu ya wakati ujao, matumaini hayo hayalipi deni la haki.

Na kwetu je?

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tukiwaombea matajiri wa mbali. Lakini imani isiyo na jirani imeshafika kwetu, na ina wahubiri wa Kiswahili.

Ninafikiria mikopo ya mitandaoni. Mtu anakopa shilingi elfu hamsini kwa simu ili amlipie mtoto ada. Programu inachukua majina yote yaliyomo katika simu yake. Akichelewa siku mbili, mchungaji wake, shemeji yake na mwajiri wake wanapokea ujumbe kwamba ni tapeli. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ilikuwa hatua njema. Lakini tuone kilichofanyika pale: jirani zake mtu, wale waliotakiwa kumwinua, waligeuzwa kuwa fimbo ya kumpigia.

Ninafikiria pia mimbari. Anayehubiri kwamba Mungu yuko pale penye gari jipya, na kwamba maskini amekosa imani, anahubiri theolojia ya utukufu ileile ya California, ila yeye ameipaka mafuta ya upako. Tofauti ni ndogo kuliko tunavyodhani. Yule anasema mtambo utapanda juu daima, huyu anasema wewe utapanda. Wote wawili hawana la kumwambia aliyeanguka, isipokuwa kwamba amejichelewesha mwenyewe.

Kanisa lifanye nini? Nataja mambo matatu, yote yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, tufundishe Amri ya Kwanza na ya Saba katika Kipaimara tukiwa na simu mezani. Kijana ajue nani ana mali ya programu anayoitumia, inapata fedha kwa njia gani, na ni nani anayeisafisha. Haitoshi kumwambia asitazame mabaya. Ajue kwamba kuna kijana mwenzake aliyelipwa kidogo ili ayatazame kwa niaba yake.

La pili, tuanze nyumbani. Sharika zetu zina vitabu vya ubatizo, orodha za wagonjwa, namba za simu za washarika na kumbukumbu za sadaka zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu na sisi. Mzee wa kanisa anayetuma orodha ya wadaiwa wa ahadi katika kundi la WhatsApp hana tofauti kubwa na programu ya mkopo.

La tatu, vyombo vya Kanisa vizungumze na serikali zetu kuhusu kazi hizi mpya kabla hazijajaa mijini mwetu. Kazi ya kompyuta kwa vijana wasio na ajira ni jambo la kutamaniwa, nami nalitamani. Lakini mikataba iseme wazi mshahara, saa, matibabu ya nafsi, na mahakama ipi itasikiliza malalamiko. Wenzetu wa Nairobi wameipigania hoja hii ya mwisho kwa miaka. Tusiwaache waipiganie peke yao, na wakipita katika sharika zetu tuwapokee kama waliojeruhiwa njiani.

Ilani ya Andreessen inamtaka msomaji achague kati ya matumaini na woga. Sisi hatuoni kwamba njia ni hizo mbili tu. Tunaungama Baba aliyeumba vitu vyote, hata madini yaliyomo katika simu. Tunaungama Mwana aliyeteswa chini ya Pontio Pilato, mtawala mwenye jina na tarehe. Tunaungama Roho Mtakatifu anayekusanya ushirika wa watakatifu, na katika ushirika huo hakuna wa ghorofa ya chini. Mwenye ungamo hilo anaweza kuipokea teknolojia kwa mikono miwili na kumwuliza mwenye nayo maswali magumu siku hiyohiyo. Bwana atupe ujasiri wa kuyauliza.